Paja la Jogoo

Jana, sikukuu ilipoungana na wikiendi, tulikimbia na wenzangu hadi ziwani, kisha tukaagiza kuku. Harufu ya mafuta ya alizeti ilipopanda, mmoja akanisogezea sahani. "Karibu." Mdomo wangu ukajibu, "Nimeshiba," huku tumbo likinguruma.

Ujinga huo nilifundishwa nyumbani. Siku moja, nikiwa bado mtoto, mjomba alikuja kututembelea, mama akatutuma mimi na rafiki yangu wa jirani tukamate jogoo. Tulimkimbiza kwenye mabua ya mtama mpaka tukachubuka miguu. Mimi ndiye niliyemrukia nikamdaka. Mimi! Chakula kilipoiva tukaingia kusalimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njooni mle."

Mama akanikazia macho. Mtoto mwenye adabu hujibu kwamba ameshiba, basi nikajibu hivyo, mate yamenijaa mdomoni. Rafiki yangu akasema, "Asante, mjomba," akanawa, akaketi. Mama angemfanya nini mtoto wa watu mbele ya mgeni?

Nilimsubiri nje, nikisikia mifupa ikivunjwa. Alitoka akilamba vidole.

"Aisee," akaniambia, "mama yako anajua kupika!"