Jina la Tatu

Inasemwa Kwamsisi, na siku hizi inasemwa hata huku Kwamndolwa ninakoishi, kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Jabiri Mhina, alikimbia mafunzo ya vishikwambi Korogwe kwa sababu yalimshinda. Hakukimbia. Aliondoka siku ya pili saa saba mchana, akiwa amemuaga mkufunzi kwa mdomo wake, na walimu waliokaa naye meza moja wanalijua hilo. Kama wameamua kulisahau, mimi sijalisahau.

Nilisikia maneno hayo siku ya arobaini yake. Wanawake walikuwa uani wanamenya viazi, wakidhani nimelala chumbani. Mmoja akauliza, "Huyu marehemu si ndiye Mwalimu Tattoo?" Mwingine akachekea puani. Nilitoka, nikawasalimia, nikachukua kisu nikamenya pamoja nao mpaka sufuria ikajaa. Sikusema neno. Leo nasema, na nasema mara moja tu.

Mume wangu alifundisha Hisabati katika shule za msingi kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa Mzigua wa huko huko Kwamsisi, mtoto wa mkulima, na hakutaka kuhamishiwa mjini hata alipopata nafasi. Alipiga mstari mnyoofu ubaoni bila rula. Viatu vyake vilipakwa rangi kila asubuhi, masika na kiangazi, ingawa kutoka nyumba ya mwalimu hadi darasani ni tope tupu. Kila mwaka alinunua daftari moja kubwa la jalada gumu, akaandika humo maandalio yake yote, na mwaka ukiisha alilifungia sandukuni. Sanduku hilo ninalo. Mtu anayesema Jabiri Mhina alikuwa mvivu wa kujifunza aje anioneshe daftari lake yeye.

Kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kubonyeza kwa kidole, kilifika shuleni mwaka juzi, yeye akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Rhoda, alimkabidhi kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mwalimu wa taaluma. Alikipokea kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani alikiweka juu ya meza, akakifunika kwa kitambaa cha redio, akakaa akikitazama kama mgeni ambaye hajataja shida yake.

Shida ilikuwa hii. Mafunzo yalipangwa yaanze Jumatatu, siku tatu, Korogwe. Lakini orodha ya majina ya watahiniwa wa darasa la saba ilitakiwa kutumwa kwa kishikwambi hicho hicho kabla ya Jumatatu. Yaani walimu walitakiwa kwanza watumie, ndipo wafundishwe kutumia. Mwalimu Rhoda aliuliza kama orodha inaweza kusubiri wiki moja, akajibiwa kwamba dirisha la usajili halimsubiri mtu. Hapo mume wangu alikasirika kwa mara ya kwanza. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kumpa mtoto mtihani wa kugawanya kabla hajamfundisha kuzidisha.

Basi majina yakaandikwa nyumbani kwetu, siku ya Jumapili. Walikuwa watoto arobaini na watatu. Kishikwambi kilikuwa na tabia ambayo hakuna aliyetueleza: ukiandika neno la Kiswahili na kuacha nafasi, chenyewe kinalifuta na kuweka neno la Kiingereza ambalo kinadhani ulilikusudia. Maneno mengi yaliyoharibika yalionekana, yakarudishwa. Neno moja likapita, mara mbili. Binti mmoja aliyeitwa Tatu Semboja aliingia kwenye orodha kwa jina la Tattoo Semboja, na orodha ikatumwa.

Jumatatu alfajiri alipanda bodaboda mpaka Mkata kwenye lami, akapata basi la Korogwe. Nisiloliona kwa macho yangu huko nimelisoma katika daftari lake, na mengine alinisimulia mwenyewe. Walimu walikuwa arobaini ukumbini. Mkufunzi alikuwa kijana anayeitwa Castory, mpole, lakini anasema upesi kama anayewahi gari. Saa nne umeme ukakatika. Vishikwambi vilivyokuwa na chaji havikufika ishirini. Castory akaomba chaki, akachora kishikwambi ubaoni, na vitufe vyake vyote, akaendelea kufundisha: hapa unabonyeza, hapa unapakua, hapa unaingia kwenye mfumo. Mume wangu alikichora chote katika daftari. Ninao mchoro huo, umenyooka kuliko ule wa ubaoni, naweza kuapa bila kuuona wa ubaoni. Kando yake ameandika: "Swali: kwa nini kinabadilisha maneno yetu? Jibu: tutafika huko kesho."

Kesho yake umeme ulirudi. Castory akasema kila mwalimu aoneshe kazi yake ukutani kwa projekta, wenzake wajifunze. Zamu ya mume wangu ilipofika, orodha yake ikapanda ukutani, herufi kubwa kama za bango. Kichwani mwa ukurasa, pale panapotajwa mwalimu anafundisha madarasa gani mengine, palisomeka "Darasa la Tattoo". Na katikati ya orodha, jina la yule binti.

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu mmoja wa Kerenge, Elina, ambaye walisoma naye chuo, akamuuliza, "Mwalimu Mhina, huyu mtoto kachorwa wapi, mkononi au mgongoni?" Wakacheka tena. Alinieleza kwamba na yeye alicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Simlaumu Elina. Kwenye mazishi alikuja, akalia kweli.

Ila baada ya kicheko alimfuata Castory pembeni, akamwomba amwoneshe jinsi ya kulirekebisha lile jina.

"Ni kibodi tu hiyo mzee, somo lake ni kesho asubuhi," Castory akamwambia.

"Sisemi kibodi. Nasema mtoto."

Castory akatazama, akakuna kichwa. Akasema orodha imeshapanda kwenye mfumo, hairudi kwa mwalimu tena. Iliyoweza kuigusa ni ofisi ya kata, nayo ingetaka fomu iliyosainiwa na mzazi, na mwisho ulikuwa kesho saa sita mchana. Baada ya hapo mtoto angefanya mtihani kwa jina lile, cheti kingetoka kwa jina lile, na mzazi angelazimika kuhangaika na mahakama na viapo ili binti yake arudishiwe jina alilopewa.

Mume wangu akafunga daftari. Akamwambia Castory kwamba anaondoka na kesho hatakuwepo. Castory akajibu, "Sawa mzee, nenda." Hayo ndiyo maneno yake. Lakini karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sehemu mbili tu, yupo na hayupo, na siku ya tatu mbele ya jina la Jabiri Mhina pakaandikwa hayupo.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama, suruali imejaa tope mpaka magotini. Picha ilikuwa imemtangulia. Mtu fulani ukumbini alipiga picha ule ukuta, akairusha kwenye kundi la walimu, na kutoka huko ikaenda ilikotaka. Nilikuwa nimeshaiona kwa simu ya jirani. Sikumwambia pole wala karibu, nilichukua mtandio nikatoka naye kwenda kwa Semboja.

Semboja ni mkulima wa mahindi na ufuta, mtu wa swala tano, si mgomvi. Tulimkuta barazani na mkewe. Mume wangu alimsalimia, akaitikia bila kuinuka. Nilimwelewa. Jina la Tatu lilikuwa la mama yake mzazi, aliyefariki mwaka ule ule binti alipozaliwa.

"Mwalimu," akasema, "nilikuletea Tatu, nikakuambia huyu ni mama yangu. Umenirudishia mchoro wa kwenye ngozi, kitu ambacho dini yangu inakikataa."

Mume wangu akamweleza habari ya kile kifaa, jinsi kinavyobadilisha, akamwonesha fomu aliyotoka nayo Korogwe. Semboja akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mkewe maneno ya Kizigua ambayo sitayatafsiri, akageuka.

"Hicho kifaa hakina mikono. Nataka nijue aliyeandika ni nani. Nikishajua, nasaini."

Mimi nilikuwa nyuma ya mume wangu, karibu na ngazi. Nilifungua kinywa.

"Ni mimi," akasema mume wangu.

Semboja akaipokea fomu. Akaomba kalamu, akasaini, akarudisha karatasi. Hakutukaribisha kukaa.

Asubuhi yake mvua ilikuwa kubwa, bodaboda zilikataa kutoka, naye akatembea hadi ofisi ya kata na fomu ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani, chini ya shati. Mtandao ulikuwa unaingia na kutoka. Saa tano na dakika arobaini jina likakubali. Tatu Semboja. Karani akampa karatasi ya uthibitisho, na karatasi hiyo nayo ipo ndani ya daftari, ukurasa wa Jumatano, ambao haukuandikwa neno lolote la mafunzo.

Wakati ule ule, ukumbini Korogwe, Castory alikuwa anawafundisha wenzake namna ya kuzima kibodi isibadilishe maneno. Nililijua hilo baadaye, kutoka kwa Elina. Somo lilichukua dakika kumi.

Vyeti vya mafunzo vilipokuja shuleni, chake hakikuwemo. Mwalimu Rhoda aliandika barua mara mbili kueleza kilichotokea. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba mwalimu husika asubiri awamu ijayo, na awamu ijayo ilipangwa mwezi ambao angekuwa ameshastaafu. Kwa hiyo katika faili lake, baada ya miaka thelathini na minne, karatasi ya mwisho inasema alishindwa kukamilisha.

Na nje ya faili lilikuwepo lile jina. Vijana wa bodaboda walilipenda. "Shikamoo Mwalimu Tattoo," walisema, kwa heshima zote za shikamoo, na yeye akaitikia marahaba kila mara, kwa sauti ile ile. Mimi nilikuwa nikinyamaza na kutazama mbele. Nilimuuliza kwa nini hawakaripii. Akasema salamu ni salamu.

Watu wanadhani baada ya hapo alikitupa kile kifaa kabatini. Nasoma hapa: siku ishirini na sita mfululizo, kila jioni baada ya swala ya alasiri, ameandika alichojaribu na kilichotokea. "Nimebonyeza alama ya gurudumu. Imefungua orodha ndefu. Nimeogopa, nimefunga." Siku inayofuata: "Nimefungua tena. Kuna neno linahusu lugha. Nimeligusa. Imekuwa Kiarabu, herufi zinatoka kulia kwenda kushoto. Nusu saa kuirudisha." Siku nyingine ameandika neno moja tu: "Hapana." Alikuwa akisonya kwa hasira, anatoka nje, anazunguka nyumba, anarudi kukaa. Hakuna aliyemfundisha. Aliyekuwa na dakika zake kumi alikuwa Korogwe, na namba yake ya simu haikupatikana.

Siku ya ishirini na saba ameandika: "Imezimika. Nimeandika Tatu. Imebaki Tatu." Chini yake amepiga mistari miwili kwa rula, yeye asiyetumia rula.

Muhula uliofuata alifundisha uwiano kwa picha alizopiga mwenyewe kwenye mashine ya kusaga: madebe ya mahindi, pumba upande mmoja, unga upande wa pili. Kifaa kimoja, watoto arobaini na watatu, wakipita kwa safu. Tatu alifaulu, na cheti chake kina jina la bibi yake. Semboja alikuja kutuonesha. Alikaa, akanywa chai, akamwita mume wangu "mwalimu wangu". Mwaka jana, miezi minne baada ya kustaafu, shinikizo la damu lilimchukua mume wangu, na Semboja alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Majina yale niliyaandika mimi. Jumapili ile kidole chake kimoja kilikuwa kinatafuta herufi polepole mno, nikakosa subira. Nikamwambia, nipe mimi, wewe soma. Alisoma kutoka kwenye rejista, nami nikaandika. Miwani ilikuwa kwenye mkoba, sikuivaa, kwa sababu sikupenda kuonekana naihitaji. Tulipomaliza aliniuliza, "Tuyapitie, Mama Yusra?" Nikamjibu, "Umeoa mwalimu wa Kiswahili." Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka ishirini na minane, nimesahihisha insha zisizohesabika kwa kalamu nyekundu, na jina la herufi nne likanipita.

Kwa hiyo yule mnayemwita Mwalimu Tattoo siye. Mkitaka kumwita mtu jina hilo, mlango wangu upo Kwamndolwa, na mnaujua.

Tulipotoka kwa Semboja jioni ile tulitembea mpaka tukavuka kijito, ndipo akaniambia jambo moja kuhusu kwa nini aliwahi kujibu kabla yangu. Yusra, mwanetu, ameniuliza ni jambo gani. Shemeji zangu wameniuliza. Sisemi.