Malele ya Faza na Rangi Aliyoikumbuka Mtu Mmoja

Sikuwa na mpango wa kwenda Faza. Shule zilipofungwa Agosti, mpango wangu ulikuwa kulala mpaka nishibe, hapa hapa Amu, kisiwani Lamu, kwenye chumba cha juu ninachopanga kwa Bi Rukia. Kwetu Kinangop ni mbali, na ninyi wa nyumbani mmekwisha kuzoea kupata barua zangu badala yangu.

Asubuhi ya Jumatatu Bi Rukia alipanda ngazi na kikombe cha chai ya tangawizi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu. Nikajua kuna jambo, maana magoti yake na zile ngazi havipatani. Dada yake mkubwa, Bi Mwanamkuu, anakaa peke yake Faza, kule kisiwani Pate, na kazi yake ni kusuka mikeka. Kwa mwaka mzima amekuwa akizungumzia mkeka wa bibi yao, kwamba ulikuwa na mistari ya zambarau. Mkeka upo, na ni wa kijivu. Wote waliouona ulipokuwa mpya wamekwisha kufariki isipokuwa yeye, na Bi Rukia wakati huo alikuwa bado hajazaliwa. Sasa Athmani, mwana wa Bi Mwanamkuu anayefanya kazi Mombasa, amekuja kumchukua mama akakae naye, kwa kuwa anamwona ameanza kukumbuka vitu ambavyo havikuwapo. Wangesafiri Ijumaa.

"Dada akiondoka Faza hatoweza kukaa kwengine," Bi Rukia alisema. "Nenda ukamwone, Mwalimu. We ni mtu wa sayansi, na si wetu, hutoona haya. Kisha uye unambie kweli, dada yangu ni mzima au si mzima."

Mimi hufundisha kemia, wala si daktari, na nilimwambia hivyo. Hakunisikiliza. Alisema dada yake hushinda akikwangua miti ya ufukoni, akitoa vitu vya kijivu vinavyoning'inia kama ndevu, huku akidai rangi imo humo. Hapo kwenye ndevu ndipo niliposhikwa. Mnaijua ile miti ya kwetu juu msituni, yenye ndevu ndefu za kijivu, na ukungu unapita katikati yake asubuhi mpaka mtu hajui kama ameamka. Nina miaka minne Amu, kwenye jua na chumvi, na nilidhani vitu hivyo nimeviacha huko. Nikaanza kutafuta mkoba.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka gatini kwa boti ya injini, mimi na Athmani, ambaye alikuwa amekuja Amu kumwamkia mama yake mdogo. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye tabia ya kukagua simu yake hata mahali pasipo na mtandao. Nahodha alikuwa na haraka ya kuwahi maji kujaa, kwani Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakitoka.

Ndani ya Mkanda nahodha alipunguza injini. Mikoko ilitusogelea pande zote mbili na abiria wakanyamaza, wengine kwa usingizi. Ndipo nikaanza kuona. Mashina niliyodhani ni ya kijivu tu yalikuwa na mabaka: meupe, ya kijani kilichopauka, mengine ya waridi yenye ukingo mweusi uliochorwa kwa uangalifu. Baka moja lilikutana na jingine, na pale yalipokutana pakawa na mpaka, kwa hiyo kila shina lilionekana ni ramani ya nchi ambayo hakuna aliyekwenda. Nilitazama ramani hizo mpaka nikasahau nimekaa wapi.

Athmani aliniuliza natazama nini. Nikamweleza kwamba kila baka ni viumbe wawili wanaoishi nyumba moja. Mmoja ni kuvu, jamaa ya uyoga, na yeye ndiye anayejenga kuta na kushika maji. Wa pili ni aina ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, naye hupika chakula kwa jua. Hawana mizizi, hawaunyonyi mti, wameegemea tu. Hewa ikiwa kavu hulala, hata miezi, na umande ukianguka huamka na kuendelea walipoachia. Hukua polepole kiasi kwamba baka la upana wa kiganja laweza kumzidi mtu umri.

"Na mama yangu anavikwangua," alisema.

Saa tatu hivi tulishuka Mtangawanda, gati la Pate, tukapanda pikipiki mbili. Njia ni ya mchanga na mawe ya matumbawe, inapita minazi na mashamba, na Siyu tuliiona kwa pembeni, ngome yake imesimama kwenye maji. Nilimwomba dereva asimame kwenye ukuta mmoja uliobomoka, nikaugusa. Upande wa baharini ulikuwa umefunikwa na rangi ya chungwa kavu, upande wa kivulini kulikuwa na manyoya ya kijani yaliyosinyaa. Nikamwagia maji ya chupa yangu. Kabla dereva hajamaliza kunung'unika, manyoya yalikuwa yamefunguka, kijani kibichi kama cha kwetu asubuhi ya mvua. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Faza tulifika jua likiwa kali. Bi Mwanamkuu alikuwa ameketi barazani ndani ya ua, anasuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, bila kuutazama, vidole vyake vikienda vyenyewe. Ni mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimsalimu, akanishika mkono na hakuuachia.

"Ndoo, keti hapa," alisema. "Rukia amekutuma uye unitazame kama n'na wazimu."

Athmani akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa.

"Basi tazama," alisema, akautandika ule mkeka. Ulikuwa mkeka mzuri, ukili mwembamba ulioshonwa kwa mkono wa mtu mwenye subira, na mistari yake ilikuwa ya kijivu juu ya kijivu. "Mimi n'liuona na rangi yake. Zambarau. N'likuwa na miaka sita. Huwekwa juu ya kitanda, hutandikwa wageni wakiya, kisha hukunjwa. Miaka ikapita, jua likaila. Wanangu wananicheka, lakini mato yangu yaliyouona hayajasahau."

Jioni hiyo alinionyesha majaribio yake. Yalikuwa masufuria manne nyuma ya nyumba. Malele, ndivyo anavyoziita zile ndevu za miti, aliyachemsha kwa maji matupu, kisha kwa maji ya bahari, kisha kwa ndimu, kama anavyofanya na rangi nyingine ili zishike. Yote yalitoa hudhurungi ya chai iliyosahauliwa. Jina la malele ndilo pekee alilobaki nalo kutoka kwa bibi yake, kwani alikuwa akitumwa yeye pamoja na wenzake kuyakwangua. Namna ya kuyapika hakufundishwa, maana bibi alifanya kazi hiyo peke yake, kwenye mtungi uliofunikwa, mbali na jiko.

Jumatano asubuhi tulikwenda ufukoni pamoja, maji yakiwa yameanza kutoka. Nyuma ya mikoko kuna vichaka vya miiba vinavyopigwa na upepo wa bahari, na kila tawi lilikuwa limevaa malele, riboni za kijivu zenye weupe wa unga, laini kwa macho na ngumu kidogo kwa mkono. Upepo ulipopita, kichaka kizima kilitikisika bila sauti. Nilisimama pale nikiwa Faza na Kinangop kwa wakati mmoja, viatu vyangu vimejaa mchanga, na niliwakumbuka sana. Bi Mwanamkuu alikuwa akichuma kidogo hapa na kidogo pale, akiacha nusu ya kila tawi. Alisema bibi yake alikuwa akiwapiga vidole wakichukua yote.

Nilipouvunja utepe mmoja na kuunusa, ndipo jambo nililolisoma chuoni likanirudia, nami nikajiona mjinga wa kutupwa. Kila muhula mimi huwapa wanafunzi karatasi za litmasi, zile zinazogeuka nyekundu kwa ndimu na samawati kwa majivu. Rangi ya karatasi zile asili yake ni hii hii. Zamani malele yalipakiwa kwa magunia kutoka pwani hii kwenda Ulaya kutiwa kwenye nguo. Nami miaka minne nimekuwa nikiagiza litmasi kutoka Nairobi, huku yakiota nje.

Nilijua pia kilichokosekana kwenye masufuria yake. Malele hayatoi zambarau kwa moto. Hutaka amonia, hewa, kutikiswa kila siku, na wiki tatu. Na kabla ya amonia kuuzwa kwenye chupa, watu waliipata mahali pamoja tu.

Sasa hapo nilikwama. Mtu huwezaje kumwambia mama wa Kiislamu, mwenye udhu, mswalihina, kwamba rangi ya bibi yake ilitiwa kwa haja ndogo iliyochacha? Nilirudi naye mpaka nyumbani bila kusema. Nilikula wali na samaki wake bila kusema. Alasiri, Athmani akiwa ameketi nasi, niliona aibu ya kunyamaza imezidi aibu ya kusema. Nikasema, nikitazama sakafu.

Bi Mwanamkuu aliacha kusuka. Mimi nilikuwa nikifikiria boti ya kesho inaondoka saa ngapi.

Aliyesema kwanza ni Athmani. "Mama," alisema, "ndiyo sababu."

"Sababu ya nini?"

"Mkeka huu hauswaliwi. N'likuwa mdogo, mgonjwa, nataka kuswali hapo hapo juu yake. Bibi yako aliyeusuka hakuwapo tena. Ni wewe ulininyanyua. Ukasema mkeka huu ni wa kukalia, tangu zamani hauswaliwi, na hujui kwa nini."

"Ndivyo tulivyoambiwa," Bi Mwanamkuu alisema polepole. "Sisi tukidhani ni maringo, kwamba ni mzuri mno." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Bibi yangu masikini. Alikuwa na hadhari. Hakutaka kutwambia, na hakutaka tuswali kwenye najisi."

Athmani hakucheka. Alikuwa ameinamia mkeka, anapapasa mistari ile ya kijivu kwa kidole. Nyumba nzima imeshika katazo hilo kwa vizazi, na yeye mwenyewe amewahi kunyanyuliwa kwa ajili yake. Asingeweza kusema tena kwamba mama ameiota rangi. Alisema taratibu kuwa ana likizo nyingine Desemba, na safari ya Ijumaa haina haraka. Mama yake alimsogezea sahani ya tende.

Nikajitolea kuleta amonia safi kutoka Amu, ya chupa, twahara kabisa. Bi Mwanamkuu alinitazama kwa huruma.

"Nataka ile ile," alisema. "Na hiyo haina haja kuya na boti. Hiyo ipo."

Ijumaa asubuhi nilirudi peke yangu. Kwenye Mkanda kulikuwa na manyunyu mepesi, yale ya msimu, na mabaka yote ya mikoko yalikuwa yameamka, rangi zake zimekolea maradufu. Nilijilaza juu ya mkoba wangu nikayatazama yakipita, sina hakika ni yapi niliyaona na yapi niliyaota. Nyumbani Bi Rukia alikuwa ananingoja mlangoni. Nilimwambia nadhani dada yake ni mzima, ila tungojee wiki tatu. Hakuridhika na neno nadhani, na wiki hizo tatu chai yangu ilikuja bila tangawizi.

Nilichojifunza nawaambia kama nilivyokiona. Mimi nilikwenda kumpima mama mzee, na ilikuwa ni mimi niliyekuwa nimepita kando ya malele kila siku bila kuyajua. Na rangi hii hasa, vitabu vinasema, ni dhaifu mbele ya jua. Huondoka yote, wala haiachi alama ya kuwa ilikuwapo.

Jumamosi ya wiki ya nne nahodha alileta bahasha ya gazeti iliyofungwa kwa uzi wa ukindu. Ndani mlikuwa na kipande cha ukili, urefu wa shubiri mbili, kimefuliwa kikanukia sabuni. Mistari yake ilikuwa ya zambarau. Sijui niwaelezeje, ni ile ya angani kwetu juu ya mlima, dakika chache kabla ya jua kutoka, ambayo ukimwita mtu aje aione, haipo.

Nilimpa Bi Rukia. Alikipeleka dirishani, akakumbuka, akarudi nacho upesi kivulini. Alikaa nacho mapajani kwa muda mrefu, kitu ambacho dada yake alikiona kabla yeye hajazaliwa.

"Basi ni mzima," alisema, akakifunika kwa leso yake.