Siku Tuliyowaachia Ndege Mpunga

Juzi, nikipita Bwegera, nilisikia watoto wakigonga makopo kufukuza ndege kwenye mpunga, nikanusa tena tope la kibanda chetu cha shambani. Mimi na mama tulikuwa tukilala humo hadi mavuno.

Asubuhi moja mama alitupa kopo chini. "Ndege wajilie leo. Twende Uvira, uone muji."

Tukapanda lori la mchele. Sikuwa nimewahi kuona ziwa. Nilipoliona, nilishika kitenge cha mama kwa hofu: mtu kasahau kufunga mfereji, na shamba lake lote limezama!

"Mama, tufunge maji!"

Hakucheka. "Twende tutafute fasi ya kufungia," alisema.

Tukatafuta alasiri nzima. Tulipita kwenye harufu ya ndagala, samaki wadogo walioanikwa mchangani, kwenye mitumbwi iliyopakwa rangi, mpaka bandarini, penye meli ndefu kuliko kanisa letu. Leo najua alikuwa akinitembeza mjini. Siku ile nilidhani tuko kazini.

Tuliporudi, kona nzima ya mpunga ilikuwa imeliwa. Nikaanza kulia. Mama aliitazama, akatabasamu.

"Acha, mutoto wangu. Na ndege nao walitembea leo."