Shika Koti

Chepkosgei alipoanguka, jambo la kwanza alilofanya ni kusikiliza kama kuna gari. Hakuwaza kiuno wala mguu. Aliwaza pikapu ya mwanawe. Kimutai alikuwa ametuma salamu kutoka Nakuru kwamba Jumamosi anakuja, na akikuta mama ameanguka tena basi hakuna mjadala, mama atahamishiwa mjini: nguo zitafungwa, ng'ombe atauzwa, nyumba itatiwa kufuli. Jumamosi yenyewe ndiyo hii, na mama yuko chini, shavu limegusa sakafu.

Sakafu hiyo ilikuwa zawadi ya Kimutai. Miaka yote Chepkosgei aliishi juu ya udongo uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe, nao haukuwahi kumwangusha. Kisha mwana akafungua duka la vipuri mjini, akaleta saruji na rangi nyekundu, akamtengenezea mama sakafu ya kung'aa. Watu walitoka mbali kama Mogogosiek kuja kuitazama. Ilikuwa nzuri kweli, na ikiguswa na maji inateleza kama sabuni. Mama hakumwambia kitu. Utamwambiaje mtoto kwamba wema wake unataka kukuvunja nyonga?

Alijikagua taratibu. Alichezesha vidole vya miguu, akakunja kifundo, akapapasa nyonga. Paliuma, lakini hapakuwa pamevunjika. Bega la kushoto ndilo lililomtia hofu. Krismasi iliyopita aliteleza mahali hapohapo, na Kimutai, kwa haraka ya mapenzi, akamkamata mkono akamvuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Mama alisimama, ndiyo, ila bega lilitoka mahali pake, na daktari alilirudisha huku akigomba. Tangu siku hiyo Kimutai alimwambia kila mtu kwamba mama yake hawezi tena kukaa peke yake. Aliyeling'oa bega hilo ni nani, hapo alinyamaza.

Nje mvua ya mawe ikaanza.

"Mama Molly!" aliita. Sauti ilimezwa na mabati. Aliita tena mpaka koo likakauka, na hofu ikamshika kwelikweli, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwita.

Mama Molly ni Jerusa, mke wa fundi wa kiwanda cha chai, mtu wa kabila jingine, wa upande wa ziwa, aliyepanga nyumba ng'ambo ya ua. Miaka hiyo watu wa huko walikuwa wanaambiwa sokoni wafungashe virago, na majirani wawili watatu walimuuliza Chepkosgei kwa nini anamruhusu huyo kuingia mpaka zizini. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe ni wake na zizi ni lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji mwenyewe alikuwa anapona.

Lugha yao ilikuwa Kiswahili tu, na Kiswahili cha Chepkosgei kilikuwa cha Kipsigis wa zamani: d hugeuka t, g hugeuka k, p hugeuka b, na Mungu ndiye anayeelewa. Wakati wa mvua ndefu alianguka kwenye lango la zizi. Jerusa alipofika mbio, mama akapiga kelele, "Usikuse mkono! Shika koti! Koti!" Alimaanisha goti, lishikwe lisiteleze kwenye matope. Jerusa akasikia koti. Basi akapita nyuma, akalikusanya koti zito alilovaa mama, la marehemu mzee wake, aliyekuwa askari wa lango la kiwanda, akalikamata kiunoni pande zote mbili, akainua. Kabla Chepkosgei hajamaliza kumtukana, alikuwa amesimama wima, na bega halikuuma hata kidogo. Walitazamana, wakacheka mpaka ng'ombe akageuza shingo.

Toka hapo ikawa ndiyo sheria. Koti linazungushwa kiunoni, mikono ya koti inafungwa fundo mbele, Jerusa anashika nyuma, mama anaweka goti lake sawa, anakandamiza kigoda kwa mkono usioumwa, anasema "shika koti," na juu wanakwenda. Walilifanya zoezi hilo hata siku za kawaida, kutoka kitandani na kuvuka kizingiti. Matamshi hakuna aliyehangaika kuyarekebisha.

Sasa koti lilikuwa kwenye msumari karibu na mlango, na mwenyewe chini. Alitambaa kukiendea kigoda, akiburuta upande mmoja. Alikuwa ameshika mguu mmoja wa kigoda mlango uliposukumwa, Jerusa akaingia na karai kichwani kujikinga na mvua. Alizoea kumwita kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis.

"Woi, kogo yangu! Kichwa imegonga? Mguu inasikia?"

"Inasikia. Lete koti, haraka. Hapana, bolebole."

Jerusa hakumvuta. Alimgeuza ubavu, akamsaidia kupiga magoti na kuegemea kigoda, akasubiri apumue. Ndipo honi ikalia barabarani.

"Funga mlango," Chepkosgei akanong'ona.

Jerusa alisimama na koti mkononi. "Nikifunga, atauliza nafanya nini na mama yake mlango ikiwa imefungwa. Kogo, unajua vile watu wanaongea siku hizi."

"Ataniona hapa chini, anipeleke."

"Basi atuone tukiinuka."

Alianza kumzungushia koti, lakini kwa haraka fundo likakataa. Mlango wa pikapu ukafungwa kwa kishindo, viatu vikakanyaga barafu uani, na Kimutai akasimama kizingitini, maji yanamchuruzika, kamba mpya ya kufungia mizigo imening'inia begani.

"Mama!"

Akaja moja kwa moja, mkono umenyooka kuelekea bega la kushoto. Chepkosgei aliuona mkono ule ukija, na akauogopa. Ilimuuma kuogopa mkono wa mtoto aliyemzaa.

"Acha! Shika koti!"

Kimutai alilelewa na ulimi huo. Alijua bila kufikiri kwamba koti ya mama ni goti. Akapiga magoti, akalishika goti la mama yake kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, akangoja. Hakuna kilichotokea. Kigoda kikaanza kuyumba chini ya mikono ya mama.

"Si hiyo," Jerusa akasema.

"Amesema goti."

"Amesema koti."

"Mimi ndiyo mtoto yake! Akisema koti ni goti."

"Hiyo ni ya zamani," Jerusa akasema. "Siku hizi ni koti. Pita huku nyuma, ushike."

Kimutai alimtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa. Jerusa akalikaza fundo; Kimutai akapita nyuma, akakamata koti la baba yake upande mmoja, Jerusa upande wa pili. Chepkosgei akaweka goti sawa, akakandamiza kigoda. Akasimama. Kimutai alipojaribu kurudi nyuma, kiatu chake chenye maji kiliteleza, akadaka meza.

"Hii sakafu!" akasema.

"Ni nzuri," mama akajibu. "Ya kutazamwa."

Zizini ng'ombe alilia, maziwa yamemjaa. Chepkosgei hakuuliza ruhusa ya mtu, akashika fimbo yake akatoka. Kimutai akamfuata nyuma, ameng'ang'ania koti, juu ya ua uliokuwa mweupe kwa mvua ya mawe, mpaka mama akashika nguzo ya lango la zizi.

"Sasa achilia," alimwambia kwa Kikipsigis.

Hakuachilia.

"Kimutai. Nimesema achilia."

Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Chepkosgei akaingia peke yake, akashika ubao wa zizi, akakaa kwenye kigoda cha kukamulia. Jerusa akamsogezea chombo. Mwana alisimama mvuani muda mrefu, macho yake yakipima njia kutoka mlangoni hadi langoni. Kisha alivua ile kamba begani, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya baraza, usawa wa kifua chake, na kuanza kuivuta kuelekea zizini.

"Chini kidogo," mama akasema bila kugeuka. "Mimi si mrefu kama wewe."