Pitisha Kiganja Kwanza

Yule mzee wa farasi, msomaji wangu, hatunaye tena. Habari ilinikuta sokoni Lushoto nikibishania bei ya viazi, nikaviacha palepale. Kama umewahi kupita njia ya Lukozi, ulimwona: kofia ya pama, farasi wa kahawia, na mtalii juu yake aliyekodoa macho kwa hofu. Alitoka Songea kuja kuchuma chai. Bosi wake alipouza shamba na kwenda zake, alimwachia yule farasi. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imefungulia biashara huria, wageni wakaanza kuja, naye akawa anawatembeza milimani. Ugali wake wote ulitoka mgongoni kwa mnyama yule.

Sasa sisi watu wa huku juu tuna ugonjwa wetu: mfugo usiponenepa, mwenyewe ni mchoyo. Farasi alikuwa na mwili wa kazi, mbavu huzioni lakini ukigusa unazipata. Sisi tukaona aibu kwa niaba yake. Jirani yake, mama mmoja mkulima wa kabichi na mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, alimjia juu: "Baba, shikamoo, lakini mnyama huyu anatutia aibu! Watu wa Mtae wakipita watasemaje?" Basi tukamlisha. Kabichi, karoti, pumba, mahindi, vyote vikipitishwa juu ya uzio. Farasi akang'aa, shingo ikatuna mafuta magumu, mgongo ukafanya mfereji katikati. Tulimsifu, jamani! Mpaka asubuhi moja akagoma kupiga hatua, kwato zinachemka. Bwana mifugo hakuzunguka: ni unene, na mkiendelea hivi hatatembea tena.

Lakini utamkatazaje jirani kukuletea chakula? Huku huo ni ugomvi wa ukoo na ukoo. Mzee akasimama kwenye uzio, kila aliyekuja anamwambia kwa upole, "Karibu sana. Pitisha kiganja ubavuni kwanza. Ukizipata mbavu, mpe." Mama wa kwaya akapapasa, akabonyeza, akapapasa tena.

"Baba, hazipo!"

"Basi kabichi hiyo kaipikie watoto, mwanangu."

Alinuna huyo! Farasi akapona polepole, nasi sote tukawa mabingwa wa mbavu.

Mimi humkumbuka mzee kila nikiingia dukani. Juzijuzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sukari. Leo rafu zimejaa mafuta, soda na biskuti, vifungo vya mashati yetu vinalia, na tunaitana mabosi. Hakuna anayejipapasa.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake. Alikuwa ameugua muda mrefu, na farasi alisimama peke yake kwenye uzio, manyoya marefu yamemfunika. Mama wa kwaya akamwendea, akapitisha kiganja. Akakirudisha taratibu, kisha akaangua kilio.

"Baba, zipo," alisema. "Zipo zote."

Tulikuwa tumeshika nusu ya somo, ile ya kutolisha, tukaacha kugusa. Mzee hakutufundisha kunyima. Alitufundisha kumjua mwenzako kwa mkono kabla ya kuamua anachohitaji. Mama alifuta macho, akaelekea shambani kwake, akarudi na kabichi kichwani. Safari hii hapakuwa na wa kumrudisha.