Dishi la Nyakato na Mabaki ya Angani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa alinipeleka nyuma ya jengo letu pale Nyakato, akanionyesha dishi. "Magesa, kazi yako ni hili lisikwame. Setilaiti ikipita juu ya Mwanza, lizunguke nayo."

Setilaiti hiyo ilipiga picha za mawingu ya ziwani, wavuvi wapate kuonywa. Ilizunguka dunia kwenye njia za chini, pamoja na nyingine nyingi na mabaki ya zilizokufa. Niliuliza kama hazigongani.

Akacheka. "Huko juu ni kupana kuliko ziwa hili mara nyingi mno. Utachoka kungoja."

Sikumwamini. Mke wangu alikufa akitoka Nansio, kwetu Ukerewe, boti mbili zilipogongana mchana kweupe, maji yametulia. Ziwa ni pana, lakini manahodha wote hushika njia ileile fupi. Setilaiti nazo zina njia zinazopendwa, tena zinakwenda kwa kasi kuliko risasi. Kipande cha chuma kama nati kinatosha kuivunja moja, na vipande vyake vikavunje nyingine.

Miaka kadhaa baadaye, adhuhuri moja, wenye setilaiti walituletea onyo: kipande cha roketi kingepita karibu nayo mno. Amri ya kuisogeza ilibidi itumwe kwa dishi letu, itakapopita alasiri. Mota ya dishi ilikuwa imeanza kukoroma.

"Ikiungua tumekwisha," Mkuu alisema. "Tuache. Wameandika hatari ni ndogo."

"Ndogo kwa nani, bosi?"

Akanitazama. "Unamfikiria marehemu."

"Namfikiria. Lakini dishi lina mikono ya kuzungushia. Zima mota."

"Kwa mgongo huo wa kizee?"

"Wewe soma nyuzi za pembe kwenye skrini. Mgongo niachie."

Akasoma, nikazungusha. "Kushoto. Kushoto zaidi, Mkerewe, unapalilia mihogo?"

Amri ikaenda. Kesho yake setilaiti ilichomoza, ikaita kama kawaida. Mkuu akasema labda hata isingegongwa. Inawezekana. Sijui, na yeye hakujua.

Sasa nimestaafu. Majuzi nilikwenda kumsalimu Mkuu mpya, mwanamama mpole. Baada ya shikamoo akaniambia setilaiti zimeongezeka sana, na kompyuta ndizo zinazopanga ipi iipishe ipi.

"Na zilizokufa, mama, zinapisha?"

Akatikisa kichwa, akanimiminia chai. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.