Ritifaa ya Ng'washi

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa masjala ya hospitali moja wilayani Ngara. Nilikuwa binti wa kijiji cha Mugoma, Kiswahili changu cha shule, na Katibu wa Afya alinikabidhi mashine ya kuchapa, akasema, "Hapa hatuna haraka. Tuna usahihi."

Kompyuta zilipoletwa nilipelekwa kusomea programu. Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, na huko nikaandika mwenyewe mfumo wa kusajili wagonjwa. Ulikwenda vizuri mpaka alipokuja Ng'washi, mjamzito wa Kisukuma. Karani alichapa jina lake, mfumo ukagoma.

"Mama, tuandike Ngwashi tu," karani alimwambia.

"Huyo simjui. Mimi ni Ng'washi."

Nieleze kidogo. Katika msimbo wangu, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, maneno yalifungwa kati ya ritifaa mbili, alama hii ('), moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Kompyuta ilipokutana na ritifaa ya ndani ya jina, ilidhani jina limeishia "Ng", na "washi" ikaiona ni amri isiyoeleweka. Dawa ni kutanguliza mkwaju wa nyuma, kistari hiki cha mshazari (\): 'Ng\'washi'. Mkwaju huo huiambia kompyuta kwamba alama inayofuata ni sehemu ya jina.

Mganga Mfawidhi, bosi wangu, hakutaka maelezo marefu. "Mama Adela, wakataze makarani kuitumia hiyo alama."

"Daktari, jina halina kosa. Kosa ni la msimbo wangu. Nipe mpaka mchana."

Mchana Ng'washi alisajiliwa, vipimo vyake vikaingizwa, nami nikaenda kunywa chai.

Wiki chache baadaye, asubuhi, aliletwa wodi ya wazazi akivuja damu. Muuguzi alitafuta kundi lake la damu, mfumo ukagoma tena. Mkwaju nilikuwa nimeuweka mahali pa kusajili, nikasahau mahali pa kutafuta. Nilifungua kanzidata yenyewe, ghala la kumbukumbu zote za wagonjwa, nikaandika amri kwa mkono, mkwaju mahali pake, nikamsomea muuguzi: O hasi. Akiba yetu haikuwa nayo. Mfanyakazi mmoja wa maabara alikuwa wa kundi hilo, akaitwa, akatoa damu. Mama na mtoto walipona.

"Sasa umemaliza?" Mganga Mfawidhi aliniuliza.

"Bado. Napitia kila mahali mtu anapoweza kuandika kitu."

Nilipitia. Hata mikwaju ya mkono niliiondoa, nikatumia njia salama zaidi, ambayo kwayo jina hupelekwa peke yake, mbali na amri. Tangu hapo mfumo wangu haukugomea jina la mtu mpaka nilipostaafu.

Sasa nalima kahawa Nyamiaga. Waandishi wa programu wanaonitembelea huuliza kama nilimweleza Ng'washi ukweli. Nilimweleza, siku aliyoleta mtoto kliniki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Basi mwandike na huyu," alisema, "nami nikiangalia."